Umati Ulikohamia

Kama ni lawama, Nyanzala alijua ni zake. Si za Nyanda, wala za baba yake, wala za wale watu waliokuwa wanazunguka kwenye televisheni ya Mariana. Wazo lilikuwa lake.

Lilimjia Jumapili moja alipopeleka maziwa kwa Mariana, mjane wa pale Nsemulwa, mtaa wa Mpanda, mwenye mgahawa wa chai, ambaye mwaka ule alikuwa amesimika dishi uani, kubwa kama paa la kibanda, na kununua jenereta. Mchana huo walikuwa wanaonyesha mashindano ya dansi ya mataifa. Kila nchi imeleta mwanamume na mwanamke wake, mwanamume kavaa koti lenye mkia, mwanamke gauni linalofagia sakafu, wameshikana kifua kwa kifua mbele ya dunia nzima na hakuna wa kuwafukuza. Nyanzala alisahau kutua ndoo. Lakini kilichomshika si magauni. Ni pale matokeo yaliposomwa, walioshindwa wakavuka sakafu na kwenda kuwakumbatia walioshinda.

"Umeona?" alisema bila kugeuka. Alijua Nyanda yuko nyuma yake. Kijana huyo alikuwa na namna yake ya kusimama ambayo mgongo wa Nyanzala ulishaizoea.

"Nimeona. Labda hawajaelewa kwamba wamepigwa."

"Wameelewa. Mtazame yule dada, analia huku anacheka."

"Kwetu Kasansa angekuwa anatafuta rungu."

"Ndiyo maana nataka baba aone."

Nyanda aliacha kucheka. Alimtua ndoo, akaiweka chini taratibu, na vidole vyake vikachelewa kidogo kwenye mkono wa Nyanzala. "Baba yako hawezi kukaa uwanja mmoja na mtoto wa Ngolo," alisema.

Shida yao yote ilikuwa kwenye jina hilo.

Malale, baba yake Nyanzala, alikuwa manju. Enzi zake aliongoza ngoma ya Wagalu, na alipoimba, Kasansa nzima iliweka majembe chini. Ngolo, baba yake Nyanda, aliongoza Wagika. Ngoma ya Wasukuma haina mwamuzi wa kuandika. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na watu wanakwenda wanakopenda. Jua likishuka, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi, basi. Mwaka ule wa balaa umati ulianza kumkimbia Malale, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa mafungu. Ili awarudishe alipanda juu ya kihenge cha mahindi, akacheza huko juu, akaruka. Akatua vibaya. Tangu siku hiyo miguu yake ni mizigo anayoibeba kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, na anayesukuma ni binti yake. Walihamia Mpanda kufuata hospitali, wakabaki. Malale hakuwahi kusema kwamba Ngolo hakushinda. Alisema Ngolo alishinda kwa dawa. Alisema pale juu ya kihenge alisukumwa na mkono ambao hakuuona.

Na katika vijana wote wanaoswaga ng'ombe kuja mnadani Mpanda, Nyanzala akaenda kumpenda mtoto wa mwenye mkono huo.

Malale alikubali kwenda kwa Mariana upesi kuliko binti yake alivyotegemea. Manju ni manju. Ukimwambia mahali fulani kuna ngoma, hawezi kutulia.

Jumapili ya fainali Nyanzala alimsukuma mpaka uani, akamweka upande wa kushoto penye kivuli cha ukuta. Watu walimpisha. Karibu na televisheni alikaa Fabiani, karani mstaafu wa stesheni ya reli, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatafsiria wengine Kiingereza, kweli na uongo vikiwa vimechanganyika.

Malale alitazama jozi mbili tatu zikipita. Kisha akauliza, "Uwanja wa pili uko wapi?"

"Hakuna wa pili, mzee," Fabiani alijibu. "Wote wanachezea hapo hapo."

"Kama kuku. Na wale waliosimama pembeni na makaratasi?"

"Majaji."

"Wanacheza saa ngapi?"

"Hawachezi. Wanaangalia tu."

Malale aliguna. "Mtu asiyecheza anaangalia nini?"

Watu walicheka, na Nyanzala akacheka nao. Alianza kuamini kwamba mambo yatakuwa mazuri. Ndipo Nyanda alipotoka upande wa pili wa ua, kofia mkononi, akaja kusimama mbele ya baiskeli na kuinama.

"Shikamoo, baba."

Vikombe vilitulia mezani.

"Sauti hiyo ni ya ng'wana Ngolo," Malale alisema, macho yakiwa kwenye televisheni. "Sauti ya baba yake hiyo hiyo."

"Ndiyo, baba. Ni mimi, Nyanda."

"Sikukuuliza jina."

"Nimekuja kuomba wazee wetu waje kwako."

"Unaniomba mbele ya chai ya watu."

"Nyumbani ulinifukuza mlangoni."

"Hilo ni kweli, alimfukuza," Mariana alidakia kutoka jikoni. "Na fimbo aliyomrushia iliangukia kwangu. Mpaka leo nasongea ugali."

Wengine walicheka. Malale hakucheka. "Shadrack wa Inyonga ameshaleta wazee," alisema. "Ni mtu mzima, amefiwa na mke, ana ng'ombe, hanywi. Wanangoja jibu kesho. Nikupe wewe kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mimi sijakukosea."

"Baba yako amenikosea."

"Basi malizaneni, wazee wangu. Sisi tumewakosea nini?"

"Nimalizane naye kwa miguu ipi?"

Nyanzala alikaza mikono kwenye mpini wa baiskeli. Alimwona baba yake akigeuza shingo na kumtazama kijana kwa mara ya kwanza, kuanzia nyayo kwenda juu, kama manju anavyompima mchezaji mgeni.

"Mimi na mtoto wa Ngolo tutasemezana kwenye uwanja wa ngoma, si pengine," Malale alisema. "Na uwanja ndio huo hapo. Mimi siwezi kucheza, basi hawa watuchezee. Nachagua nchi, na wewe unachagua nchi. Ya kwako ikishinda, lete wazee wenu, sitafunga mlango. Ya kwangu ikishinda, kesho namjibu Shadrack ndiyo, na nisikuone tena Nsemulwa."

"Baba," Nyanzala alisema.

"Nyamaza. Wewe ndiye uliyenileta."

Alimtafuta Nyanda kwa macho amkataze. Nyanda hakumwona. Alikuwa anatazama televisheni, na machoni mwake kulikuwa na kile kitu ambacho Nyanzala alikipenda kwanza kabla ya kumpenda mwenyewe: mwanga wa mtoto wa ngomani aliyesikia kuna mashindano.

"Nimekubali," Nyanda alisema.

Hakuna aliyeuliza mwamuzi atakuwa nani. Kwa watu waliokulia ngomani swali hilo halipo.

Malale alichagua kwanza kwa kuwa ni mkubwa. "Wale wadogo."

"Wajapani?" Fabiani alishangaa. "Mzee, hao ni watu wa redio na pikipiki. Dansi wapi na wapi."

"Nimesema hao. Mtazame yule bwana. Amemshika mwenzake kama aliyebeba maji na hataki yamwagike."

Nyanda alimgeukia Fabiani. "Mzee, ngoma hii wenyewe ni akina nani?"

"Mimi naona ni Waingereza. Tazama wanavyotembea, kama wako sebuleni kwao."

"Basi nachukua hao."

Mariana akatoka jikoni anafuta mikono, akapiga sufuria kwa mwiko. "Haya, nyie. Wa Uingereza kaeni kulia kwa Nyanda, wa Japani kushoto kwa mzee. Anayehama ahame na kikombe chake, sitaki vikombe vyangu vipotee."

Karibu wote walikwenda kulia. Vijana wa mnadani, akina mama waliotoka misani, hata Fabiani aliburuta kiti chake. Kushoto walibaki wazee wachache ambao hawakutaka kuacha kivuli, na Nyanzala, ambaye hakuwa na pa kwenda kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye ule mpini. Alimwangalia Nyanda katikati ya watu wake. Nyanda akamkonyeza, na moyo wake ukapanda. Tumeshinda, alijiambia. Tumeshinda hata hawajaanza.

Muziki ulianza, ule wa polepole. Jozi zote zilizunguka kwa pamoja, na Nyanzala akakumbuka nyuma ya stoo ya Mariana, siku chache zilizopita, Nyanda alipomwekea mkono mgongoni kama walivyoona kwenye televisheni. Alimkanyaga, akaomba radhi, akamkanyaga tena. "Wasukuma tunacheza mbali mbali," alijitetea. "Kila mtu na vumbi lake." "Basi niachie," Nyanzala alimwambia. Hakumwachia. Walizunguka pale kati ya magunia na kuni bila muziki wowote, yeye akisikia pumzi ya Nyanda sikioni, mpaka Mariana alipokohoa kwa makusudi.

Kelele za watu zilimrudisha uani. Kiatu cha yule dada wa Kijapani kilikuwa kimemtoka.

Kilibaki katikati ya sakafu, cheupe, kimelala ubavu. Jozi nyingine ilikikwepa. Dada alichechemea hatua kidogo, mguu mmoja juu na mwingine chini, na uso wake ukaingiwa na hofu ambayo hata Nsemulwa ilionekana. Malale aliinuka kwa mikono kwenye kiti chake.

"Usisimame," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, usisimame."

Yule dada hakusimama. Alikitupa na kile kiatu cha pili kwa teke la chini chini, akamwegemea mwenzake, wakaendelea. Miguu mitupu. Gauni lilikuwa limemzidi urefu sasa, akawa analikusanya kwa mkono mmoja kama mama anayevuka mto. Yule bwana alifupisha hatua zake zifuate za mkewe, au dada yake, hakuna aliyejua. Na walicheza. Walicheza kama watu ambao wamesahau kama wanatazamwa.

Kiti kiliburutwa. Mama mmoja mwenye kanga ya bluu alihama kutoka kulia kuja kushoto, kikombe mkononi. "Mtu akicheza peku, mimi niko naye," alisema. Akafuata mwingine. Wakafuata vijana wa mnadani, na kicheko chao na fimbo zao, maana hakuna mmoja wao aliyewahi kucheza ngoma na viatu. Mabenchi yalipita juu ya vichwa vya watu. Nyanzala alitaka kuwasukuma warudi. Alitaka kulia, na pia, Mungu amsamehe, alitaka kupiga makofi. Fabiani alivumilia mpaka mwisho, akatazama kushoto, akatazama kulia, akabeba kiti chake kimya kimya.

Muziki uliponyamaza, upande wa kulia kulikuwa na mabenchi matupu na Nyanda.

Majaji walitoa karatasi zao. Mtangazaji alisoma majina, na Fabiani akasikiliza huku ameinua kidole.

"Wa kwanza Waingereza," alisema. "Wajapani wa pili. Wamepunguziwa kwa ajili ya kile kiatu."

Nyanzala hakujua kama aliachia mpini. Alijikuta ameziba mdomo kwa mikono yote miwili na machozi yanapita kati ya vidole. Mariana alimkumbatia kwa nyuma. "Umepata, mwanangu. Umempata mtu wako." Kwenye televisheni yule dada mwenye miguu mitupu alikuwa anavuka sakafu kwenda kuwakumbatia Waingereza. Ilikuwa kama Nyanzala alivyoiota.

"Umati uko wapi?" Malale aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeulizia saa.

"Mzee," Fabiani alisema, "pale wanaamua majaji. Ni wataalamu, wamesomea."

"Nimesikia. Nauliza umati uko wapi."

Watu walijitazama. Walitazama viti walivyokalia na vivuli vyao vilivyojaa ukuta wa kushoto. Baadhi waliinamisha vichwa, maana ndipo walipoelewa walichokifanya kwa vikombe vya chai mkononi.

"Siku niliyoanguka Kasansa hakuna aliyeandika karatasi," Malale aliendelea. "Nililala chini, mgongo umekatika, nikauliza umati uko wapi. Wakaniambia uko kwa Ngolo. Nikasema basi, kanishinda. Dawa nilisema baadaye. Kushindwa nilikubali pale pale, mdomo umejaa mchanga. Sasa mimi sikuulizi wewe, Fabiani, mtu wa reli. Namuuliza ng'wana Ngolo, aliyezaliwa ngomani. Nani ameshinda?"

Nyanda alikuwa amesimama peke yake kwenye mabenchi matupu. Alimtazama Nyanzala. Katika mwaka mzima wa kutazamana kwa kuibia, mnadani, dirishani, kanisani mlangoni, hawakuwahi kutazamana namna ile mbele za watu. Nyanzala alimwomba kwa macho. Sema majaji. Neno moja tu. Kila mtu hapa atakuunga mkono, Fabiani, Mariana, wote. Sema majaji, tuondoke.

Midomo ya Nyanda ilifunguka, ikafumba, ikafunguka.

"Umeshinda wewe, baba," alisema.

Mariana alizima televisheni. Jenereta iliendelea kunguruma nyuma ya nyumba bila kazi.

Malale aliinamisha kidevu kifuani. Alipoinua uso, hakuwa na furaha yoyote ya mshindi. "Mpe mkono muagane," alimwambia binti yake. "Mimi nangoja."

Waliagana nyuma ya stoo, kwenye magunia na kuni.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema," Nyanzala alisema. "Moja, Nyanda."

"Ungetaka niseme uongo?"

"Ulikuwa uongo wa nani? Majaji wamesema. Karatasi zimesema. Umeupenda ukweli wako kuliko mimi, na ukweli wako umeniozesha kwa Shadrack."

"Baba yako miaka yote anasema ukoo wetu unashinda kwa hila. Nikikuchukua leo kwa karatasi za watu wasiojua ngoma, na umati wote nimeuona kwa macho yangu ulikokwenda, si nitakuwa nimemthibitishia? Kila akikuona na mtoto wetu mgongoni atasema, hawa ndio walioniibia mara mbili. Na nitamjibu nini?"

"Usingemjibu. Ungenyamaza tu kama waume za watu."

Nyanda alitaka kutabasamu, akashindwa. Alimfuta machozi kwa kiganja chake kigumu cha kamba za ng'ombe, na Nyanzala akakishika kile kiganja usoni asikiachie kiondoke.

"Twende Karema," alinong'ona. "Sasa hivi. Mamangu mdogo yuko pale karibu na misheni. Tupande boti, twende zetu kokote ziwani. Wasichana wangapi wametoroshwa na baadaye wazee wakaja kuelewana?"

"Wengi."

"Basi twende."

Nyanda alimtazama, na kwa kitambo Nyanzala aliona kwamba angekwenda. Mwili wake wote ulikuwa umeshaelekea njiani. Kisha magurudumu yalilia kule uani, mtu alikuwa anaisogeza ile baiskeli kutoka juani, na wote wawili waligeuka pamoja kusikiliza.

"Nani atamsukuma?" Nyanda aliuliza.

Nyanzala alitazama kule mlio ulikotoka. Hata Shadrack, kupitia wazee wake, alikuwa ameahidi kumchukua yeye pamoja na baba yake. Karema hapakuwa na nafasi ya baiskeli ya magurudumu matatu kwenye boti ya watu wanaokimbia.

Aliachia kile kiganja. Kiliondoka polepole, kidole baada ya kidole, na hakuna aliyesema kwaheri, kwa sababu kila mmoja alimngoja mwenzake aseme.

Uani watu walikuwa wametawanyika. Mariana alijifanya anaosha vikombe. Nyanzala alishika mpini. Nyanda alipita kando ya baiskeli akaelekea getini, na mzee akanyoosha mkono, akamzuia kwa kumgusa shati.

"Baba yako angejibu majaji," Malale alisema.

"Labda, baba."

"Angejibu majaji. Namjua." Alimwachia shati. "Nenda salama, Nyanda."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lile. Nyanzala alilisikia likitoka kinywani mwa baba yake, laini, kama jina la mtu wa nyumbani, na hilo ndilo lililomvunja kuliko yote. Kama angelitaja kwa hasira, angejua pa kuweka chuki yake. Nyanda aliinama, akavaa kofia, akatoka. Hakugeuka nyuma, na Nyanzala alimshukuru kwa hilo, na hakumsamehe.

Alimsukuma mzee njia ya nyumbani. Jua lilikuwa bado kali na vumbi la kiangazi lilikuwa limejaa barabarani mpaka kwenye vifundo. Walipita stesheni, wakapita makaburini. Malale hakumtaja Shadrack. Hakumtaja mtu yeyote.

Karibu na nyumbani Nyanzala alisikia mlio mdogo. Mkono wa baba yake ulikuwa unapiga ubavu wa baiskeli, kwa vidole, bila mwenyewe kujua, mapigo yale yale ya polepole ya uani kwa Mariana. Na Nyanzala akagundua kwamba miguu yake mwenyewe ilikuwa inayafuata. Ilikuwa inatembea vile alivyotembea kati ya magunia na kuni, na gurudumu la mbele likawa linayumba kidogo kushoto na kulia, na mzee akawa anayumba nalo, kimya, kichwa kimeinama.

"Baba," alisema. "Nakuomba usipige."

Mkono ulisimama. Malale aliutazama kana kwamba si wake, kisha akaukunja na kuuweka juu ya magoti yake yasiyosikia kitu.

"Sukuma, mwanangu," alisema. "Sipigi tena."